Jina Kwenye Sanduku la Barua: Mwezi Wangu wa Kwanza wa Masomo Leipzig

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Ndege ilitua Frankfurt kabla ya jua kuchomoza, na kabla sijasalimiwa na mtu yeyote katika nchi ya Ujerumani nilikuwa nimekwisha kuombwa karatasi tatu. Afisa wa uhamiaji alitazama viza, akaomba barua ya chuo, akaisoma mstari kwa mstari huku ncha ya kalamu yake ikifuata maneno, kisha akataka uthibitisho wa fedha. Mwanafunzi anayetoka nchi kama zetu hapewi viza mpaka aonyeshe namna atakavyojikimu, na tangu Septemba 2024 kiwango kinachotakiwa ni euro 11,904 kwa mwaka. Njia ya kawaida ni kuziweka katika akaunti maalumu ambayo humruhusu mwenyewe kutoa euro 992 tu kila mwezi. Kwa afisa yule hizo zilikuwa tarakimu. Kwangu zilikuwa mikopo, michango na ng'ombe waliouzwa, jasho la watu ambao wengine wao hawajawahi kuingia uwanja wa ndege. Aligonga muhuri. Nikamshukuru kwa Kijerumani nilichojifunza kwa miezi kumi, naye akaitikia kwa kichwa na kumwita aliyekuwa nyuma yangu.

Stesheni ya treni za masafa marefu imo palepale uwanjani, kwa hiyo sikuhitaji kuingia mjini. Ndani ya behewa nilimsalimu mama mmoja aliyekuwa amekaa dirishani, naye akaitikia kwa upole na kurudi kwenye kitabu chake. Tulikaa bega kwa bega zaidi ya saa mbili, mashamba na mitambo mirefu ya umeme wa upepo ikipita nje, na aliposhuka Erfurt akaniaga vizuri kama mtu anayeagana na jirani. Yeye hakujua nimetoka wapi, wala mimi sikujua anakwenda kwa nani. Nimelelewa kuamini kwamba watu wawili waliokaa kiti kimoja kwa muda huo wote ni lazima wajuane angalau majina na ukoo, na nilishuka nikiwa na hisia kwamba nimekosa adabu bila kujua ni wapi nilipokosea.

Stesheni kuu ya Leipzig ilifunguliwa mwaka 1915, na uso wake una upana wa karibu mita 300. Ina kumbi mbili kubwa za kuingilia zinazofanana kama mapacha, moja magharibi na nyingine mashariki, kwa sababu wakati wa ujenzi reli zilikuwa za serikali mbili, ya Prussia na ya Saxony, na kila upande ulitaka mlango wake na ngazi zake. Nilisimama kwenye ukumbi wa magharibi huku aliyekuja kunipokea akinisubiri kwenye ule wa mashariki, na tukatafutana kwa simu kwa karibu robo saa. Ni dada mmoja wa kwetu anayesomea shahada ya uzamivu, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona ila kwa picha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Asante kwa kunipokea."

Alichukua begi langu dogo bila kuuliza, na maneno yale manne matano yalinirudishia nguvu kuliko usingizi wote niliojaribu kuupata ndani ya ndege.

Hosteli ya wanafunzi iko katika mtaa unaoitwa Straße des 18. Oktober, yaani Mtaa wa Tarehe 18 Oktoba. Majengo yake ni ya wakati wa Ujerumani Mashariki, marefu, ya zege, yenye madirisha yaliyopangwa kwa safu zilizonyooka. Aliyewahi kuyaona maghorofa ya Michenzani kule Zanzibar, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa nchi hiyohiyo, angehisi kwamba anakutana na ndugu wa damu moja. Dada alikuwa amekwisha kunichukulia ufunguo. Tukiwa mlangoni alipita msimamizi wa jengo, mzee mwenye koti la bluu la kazi, akiwa anaelekea nyumbani kwake. Nilijitambulisha, akanieleza jambo refu ambalo sikulishika lote, ila mwishoni alisema wazi kabisa: "Morgen, halb zehn." Kesho, nusu na kumi. Nilifurahi kwamba maneno hayo nimeyaelewa bila msaada wa mtu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nilifika ofisini kwa msimamizi saa nne na dakika ishirini, nikiwa nimewahi kwa dakika kumi, na nikakuta mlango umefungwa.

Naomba nieleze kosa hili kwa urefu, kwa kuwa najua wenzangu wanaozungumza Kiswahili wataweza kulirudia. Sisi tukisikia namba ya saa ya kigeni tunafanya hesabu ya kuondoa sita, kwa hiyo kumi ya kwao ni saa nne yetu. Hesabu hiyo niliifanya bila shida. Nikasikia pia "nusu", nikaiongeza, nikapata saa nne na nusu. Lakini Kijerumani huitazama nusu kutoka upande wa pili. Halb zehn maana yake ni kwamba saa ya kumi imefika nusu, kwamba tuko katikati ya safari ya kuielekea kumi, na kwa hiyo ni saa tatu na nusu yetu. Sisi tunaitaja saa iliyopita na kuiongezea, wao wanaitaja inayokuja. Niliikosa miadi yangu ya kwanza kwa saa nzima kwa sababu ya upande ambao lugha imegeuzia uso wake.

Jirani wa ghorofa ya chini aliniambia kwamba msimamizi alinisubiri, akatoka kwenda kwenye majengo mengine, na kwamba atarudi Jumatatu, maana Ijumaa ni sikukuu. Niliumia. Kumwacha mtu mzima akikusubiri ni jambo baya popote, lakini hapa muda wa mtu huhesabiwa kama mali yake, na nilihisi nimechukua kitu kisicho changu. Niliandika barua fupi ya kuomba radhi, nikaitazama mara tatu katika kamusi, nikaipitisha chini ya mlango wake.

Kilichonipotea si muda tu. Msimamizi ndiye alikuwa anipe fomu ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba nimehamia kweli, na bila fomu hiyo huwezi kuandikishwa kuwa mkazi. Yeye pia ndiye anayebandika majina kwenye masanduku ya barua. Barua za hapa hazipelekwi kwa namba ya chumba. Mleta barua huja ukumbini, husoma majina yaliyobandikwa, na barua ambayo jina lake halimo huirudisha ilikotoka. Sanduku letu la chumba cha tatu lilikuwa na majina matatu: mawili ya wenzangu ninaoishi nao, na la tatu la mpangaji aliyenitangulia.

Ijumaa hadi Jumapili, 3–5 Oktoba

Kama si ujumbe wa dada ("Nunua chakula leo, mdogo wangu, kesho hakuna duka") ningeshinda njaa. Tarehe 3 Oktoba ni siku ya kukumbuka kuungana kwa Ujerumani mbili mwaka 1990, na karibu maduka yote hufungwa. Jumapili nayo hufungwa, karibu kila Jumapili. Ulinzi wa siku hiyo umeandikwa katika katiba yenyewe: kifungu cha katiba ya 1919 kilichoitaja Jumapili kuwa siku ya mapumziko kilichukuliwa kama kilivyo na kuingizwa katika katiba ya sasa ya 1949. Watu wawili waliniambia jambo hili kwa namna ileile ya heshima, na nimeanza kulipenda, ingawa jokofu langu halikuwa tayari kwalo.

Wenzangu wa nyumba walinifundisha mengi kwa siku hizo tatu: taka za karatasi huenda kwenye pipa la bluu na za jikoni kwenye la kahawia, chupa za plastiki hazitupwi kwa kuwa nyingi hubeba amana ya senti 25 ambayo mashine ya dukani hukurudishia, na kuanzia saa nne usiku kelele hukoma. Lakini somo la dirisha ndilo lililonikaa zaidi. Dirisha la chumba changu lina mkono mmoja wa chuma. Mkono ukielekea chini, limefungwa. Ukiulaza, dirisha lote hufunguka kama mlango. Ukiuelekeza juu, dirisha hulala kwa ndani kidogo, likishikiliwa na bawaba za chini, na upenyo mwembamba hubaki juu. Nilipoligeuza mara ya kwanza nilidhani nimeling'oa, nikalishika kwa mikono yote miwili nikamwita mwenzangu. Hakucheka. Alinionyesha tena polepole, akaniambia kwamba kila asubuhi, hata katika baridi kali, inafaa kulifungua kabisa kwa dakika tano kisha kulifunga, la sivyo ukuta utaota ukungu. Jambo dogo, lakini alilisema kama mtu anayekukabidhi nyumba.

Kimya cha Jumapili ile kilikuwa kizito. Nilitembea hadi Linnéstraße, mwendo wa dakika chache kutoka hosteli, kuiona taasisi ya fizikia ambako nitasoma. Milango ilikuwa imefungwa. Nilisimama barabarani nikiwaza kwamba Werner Heisenberg alikuwa profesa wa chuo hiki tangu 1927 hadi 1942, na kwamba aliipata Tuzo ya Nobel ya 1932 akiwa hapa. Jina hilo nililikuta kwa mara ya kwanza katika kitabu cha shule kilichokuwa kimepoteza jalada, tukikisoma wanafunzi sita kwa zamu. Sikuwa na wa kumwambia. Nilipiga picha ya mlango, nikaituma nyumbani.

Jumatatu, 6 Oktoba

Saa tatu na dakika kumi nilikuwa mlangoni kwa msimamizi. Alifika saa tatu na nusu kamili, akanitazama, akatoa barua yangu ya kuomba radhi mfukoni mwa koti, akasema neno moja ambalo nalijua: "Halb." Kisha akatabasamu na kufungua mlango.

Aliijaza fomu kwa mwandiko wa herufi zilizosimama wima, akaisaini. Halafu akatoa kimashine kidogo cha kuchapia vibandiko, akaniomba nimtajie jina la ukoo herufi moja moja. Jina langu lina w na lina z, na katika Kijerumani w hutamkwa kama v yetu, na z hutamkwa ts. Alilisoma kwa sauti, nikasikia jina la mtu mwingine kabisa. Nilimrekebisha kwa upole. Akarudia. Nikamrekebisha tena, naye akaweka kimashine mezani, akanitazama mdomoni, akajaribu mara ya tatu na ya nne mpaka likaja karibu kabisa na linavyotamkwa na mama yangu. Ndipo akalichapa.

Kibandiko kilikuwa na upana wa kidole kidogo, cheupe, chenye herufi nyeusi. Tulishuka pamoja ukumbini. Kwa ncha ya bisibisi alifungua kidirisha cha plastiki cha sanduku, akabandua jina la tatu ambalo lilikuwa limeanza kugeuka manjano pembeni, akakwaruza gundi iliyobaki kwa ukucha, akabandika langu na kulipitishia dole gumba kutoka kushoto kwenda kulia. Alifanya vivyo hivyo kwenye kengele ya mlango wa nje. Kazi yote ilichukua dakika kumi hivi. Nilipobaki peke yangu ukumbini nililitazama sanduku lile kwa muda ambao siwezi kuueleza kwa mtu ambaye hajawahi kukaa siku tano katika mji ambao jina lake halijaandikwa mahali popote.

Jumanne, 7 Oktoba

Sheria inataka kila anayehamia nyumba ajiandikishe ndani ya wiki mbili. Ofisi ya wakazi ilinipa namba, namba ikaonekana kwenye kioo ukutani, na dakika kumi na mbili baadaye nilikuwa nimemaliza. Mama aliyenihudumia aliuliza jina, mahali nilipozaliwa, hali ya ndoa, na mwisho akauliza dini. Nilishtuka. Alipoona nimesita alieleza kwamba serikali hukusanya kodi ya kanisa kwa niaba ya makanisa, kutoka kwa waumini walioandikishwa wenye kipato, na hapa Saxony ni asilimia 9 ya kodi ya mapato ya mtu. Swali ambalo kwetu huulizwa kwa sababu za undugu, hapa ni swali la hesabu. Alinipa karatasi moja yenye muhuri, na kwa karatasi hiyo niliweza mchana uleule kufungua akaunti ya benki na kuomba euro 992 zangu za mwezi zianze kuingia.

Jioni nilipata barua pepe kutoka kwa kampuni yangu ya bima ya afya. Kadi yangu ilitumwa wiki iliyopita, ikarudi, kwa maelezo kwamba mpokeaji hajulikani katika anwani hiyo. Watanitumia nyingine. Niliyasoma maneno hayo, "hajulikani katika anwani hiyo", na nikaona jinsi saa moja niliyoipoteza Alhamisi ilivyosafiri mbali.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo mji umewasha mishumaa, na sijui kama nitaandika inavyostahili.

Mwaka 1989, tarehe kama ya leo, ambayo ilikuwa Jumatatu, watu wasiopungua 70,000 waliandamana katika barabara inayouzunguka mji huu kudai mabadiliko kutoka kwa serikali ya Ujerumani Mashariki, wengine wakitoka moja kwa moja kwenye sala za amani zilizokuwa zikifanyika kila Jumatatu katika kanisa la Nikolai. Polisi na askari walikuwa wamepangwa tayari, hospitali zilikuwa zimetahadharishwa, na wengi waliotoka nyumbani jioni ile waliwaaga watoto wao bila uhakika wa kurudi. Walibeba mishumaa, kwa sababu anayekinga mshumaa usizimike anahitaji mikono yote miwili, na mikono ikishika mshumaa haishiki jiwe. Risasi haikupigwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ulifunguka.

Nilikwenda kwanza kwenye kanisa lenyewe. Kwa nje ni jengo la mawe ya kale lisilo na makuu, na kwa hiyo sikuwa tayari kwa nilichokiona ndani. Nguzo nyeupe hupanda juu zikiwa na michirizi, na zinapokaribia dari hupasuka kuwa matawi ya mitende, makuti ya kijani hafifu yanayoinama kila upande. Mafundi wa mwishoni mwa karne ya 18 walizipamba hivyo. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikiwa nimeinua kichwa mpaka shingo ikauma, katika mji usio na mtende hata mmoja barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pumzi yangu ilishuka hadi chini.

Kwenye uwanja wa Augustusplatz watu walikuwa wakipanga mishumaa ndani ya vikombe ili kuunda tarakimu 8 na 9 kubwa juu ya ardhi. Wangu ulizimwa na upepo. Bibi mmoja mwenye fimbo, kwa kadiri yangu wa miaka sabini na ushei, aliinamisha wake kuuwashia wangu, akabaki amenikaribia mpaka mwali uliposimama. Alisema alikuwapo usiku ule wa 1989, na kwamba kilichomtisha zaidi kilikuwa ukimya wa kabla ya kuanza kutembea. Halafu akaniuliza jina langu. Akaniomba nilirudie. Baada ya karatasi zote za wiki hii, huyu alikuwa mtu wa kwanza kuliuliza jina bila kuwa na mahali pa kuliandika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mihadhara imeanza. Kwenye ratiba za vyuo vya hapa, herufi c.t. zikiandikwa kando ya saa, ambazo ni kifupi cha maneno ya Kilatini, humaanisha kwamba kipindi huanza robo saa baadaye. Watu hawa ambao treni ikichelewa dakika sita husimama wakitazama saa, wamejiwekea vyuoni robo saa ya hiari inayojulikana na wote na kuheshimiwa na wote.

Programu yetu hufundishwa kwa Kiingereza na tunatoka nchi nyingi. Mhadhiri aliingia, akasalimu, akaanza kuandika ubaoni bila kujitambulisha kwa cheo wala kutaja vitabu vyake, na kwa dakika tisini hakusita. Nilielewa theluthi mbili. Ile theluthi iliyobaki nimeiandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari kama deni. Alipomaliza, ukumbi mzima ukaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Nilidhani ni malalamiko, nikamtazama mhadhiri kwa huruma, naye alikuwa anatabasamu akifuta ubao. Hivi ndivyo wanavyopongeza, na desturi hii ni ya zamani katika vyuo vya Kijerumani. Nikakunja ngumi nami nikagonga. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1409, na mti ule mgumu chini ya vifundo vyangu ulinipa hisia ya kupokelewa ambayo hotuba ya makaribisho haikunipa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya jina la mtaa wetu. Mwaka 1813, kati ya tarehe 16 na 19 Oktoba, majeshi ya Urusi, Prussia, Austria na Sweden yalipambana na Napoleon nje ya mji huu, na tarehe 18 ndiyo iliyoamua. Mnara wa kumbukumbu, wenye urefu wa mita 91, ulizinduliwa miaka 100 baadaye. Niliutembelea asubuhi kwenye ukungu, nikarudi mapema kusoma; yale madeni ya daftarini yameongezeka.

Jumapili, 26 Oktoba

Usiku wa kuamkia leo, saa tisa ya usiku ilirudishwa kuwa saa nane. Nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa si kuona. Mpaka jana nilikuwa nyuma ya nyumbani kwa saa moja, leo ni mbili, na mama alipopiga simu kwa wakati tuliozoea alinikuta nimelala.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Huku wamerudisha saa nyuma."

"Wamerudisha saa? Na jua je?"

Swali la mama limenikaa kichwani mchana kutwa. Saa za Kiswahili tunazihesabu kwa jua: likichomoza siku inaanza, saa moja baadaye ni saa moja, na katika nchi zilizo karibu na Ikweta hesabu hiyo haitupotezi mwaka mzima. Leipzig iko zaidi ya nyuzi 51 kaskazini. Nilipofika, jua lilikuwa likichomoza saa moja na dakika chache za asubuhi. Wiki iliyopita ilikaribia saa mbili. Leo, baada ya kurudisha saa, imekuwa kabla ya saa moja, na jioni lilizama kabla ya saa kumi na moja. Desemba mchana utakuwa wa saa nane tu hivi, na Juni utazidi saa kumi na sita. Nikisema "saa kumi na mbili jioni" kwa Kiswahili nasema kwa kweli "jua linazama", na hapa maneno hayo yamebaki na namba, maana yake imeondoka. Bado nahesabu kwa Kiswahili. Ila nimegundua kwamba ninapotaja saa sasa, sitazami tena nje ya dirisha.

Jumanne, 28 Oktoba

Barua imefika. Kadi ya bima ilikuja wiki mbili zilizopita na ya benki ikafuata, lakini hizo nilizisubiri. Hii imekuja yenyewe, kwa sababu tu nimeandikishwa: namba yangu ya mlipakodi, tarakimu 11, ambayo haitabadilika maisha yangu yote. Jina liliandikwa sawasawa, w na z zikiwa mahali pake. Niliisoma nikiwa nimesimama palepale ukumbini, mlango wa sanduku ukiwa wazi.

Chini yake kulikuwa na barua nyingine, yenye jina la yule mpangaji wa zamani. Labda mleta barua alizoea sanduku, akaiingiza bila kusoma. Nilipanda nayo chumbani, na asubuhi hiyohiyo, halb zehn, nikagonga mlango wa msimamizi. Alitazama saa yake ya mkononi, kisha akanisalimu kwa jina la ukoo, bila v na bila ts. Akaipokea barua, akachukua kalamu, akakata anwani kwa mstari mmoja, na pembeni akaandika kwamba mwenyewe amehama.